Shotigani ya nusu otomatiki: anza na katriji, jina la kampuni lifuate

Msomaji wa Ruiru ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mzee. Nimeanza kupiga sahani za udongo pamoja na mume wangu, na sasa nataka shotigani yangu mwenyewe, geji 12, ya nusu otomatiki. Nitaitumia kwa shabaha karibu kila wikendi, na mwaka ujao tunapanga kwenda kuwinda kanga na kwale. Mume wangu anasema ninunue Benelli nisitazame nyingine. Muuzaji mjini ananisukumia ya Kituruki kwa kuwa ni nafuu, na rafiki yetu anauza Remington 1100 ya zamani. Nina kilo 58 na bega huniuma kila nikipiga ile shotigani ya pampu ya mume wangu, ya kukoka kwa mkono. Ipi haitaniangusha? Na je, mume wangu ataruhusiwa kuitumia?"

Marahaba, binti yangu. Tafuta inayoendeshwa kwa gesi, yenye chumba cha risasi, pale katriji inapokaa, cha urefu wa milimita 76 na mtutu wa sentimita 71 hivi, na iwe ya kampuni ambayo vipuri vyake vinapatikana hapa Nairobi bila kungoja mwaka mzima. Mimi ningeanzia kwa Beretta, familia ya A300 au A400. Mume wako hakukosea kuisifu Benelli. Amekosea tu mtu anayemchagulia.

Sasa nieleze kwa nini, maana hili la "ipi haikwami" watu hulijibu kwa kutaja jina la kampuni, na jina peke yake halitoshi. Bunduki ya nusu otomatiki hujitoa ganda na kujipakia kwa nguvu ya ile katriji uliyoipiga. Katriji ikiwa dhaifu kuliko mashine ilivyotarajia, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hairudi hadi mwisho, ganda linabanwa mlangoni, na wewe unabaki unatazama sahani iliyorushwa angani ikianguka nzima. Bunduki ileile ukiipa katriji nzito itapiga siku nzima bila kukohoa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue bunduki gani, jiulize utailisha nini.

Wewe utailisha katriji nyepesi. Mchezo wa sahani kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha, ISSF, unatumia katriji ya gramu 24 za marisaa, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwa wapigaji wengi. Wale wa kujifurahisha hutumia pia ya gramu 28. Raundi moja ni sahani 25, na kwenye trapu, mchezo ambao sahani hurushwa kwenda mbele yako, unaweza kupewa risasi mbili kwa sahani moja. Ukipiga raundi tatu au nne kwa siku, hesabu ya mwezi inakuwa ndefu. Upande wa kuwinda, siku nzima ya kutembea nyikani pengine itakugharimu katriji ishirini, na hizo zitakuwa za gramu 32 hadi 36, kwa sababu kanga ana manyoya magumu na hufa kwa shida. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kitakachopita kwenye mtutu wako ni katriji nyepesi. Mwindaji wa msimu mmoja asinunue bunduki kwa ajili ya msimu huo akasahau wikendi zake hamsini.

Bunduki hizi zina njia tatu za kujiendesha, na ya kwanza utaikuta zaidi kwenye makabati ya wazee. Hiyo ni Browning Auto-5, ile yenye kisogo cha mraba, iliyobuniwa na John Browning na kuanza kutengenezwa Ubelgiji 1902. Mtutu wake mzima hurudi nyuma pamoja na bolti. Ni chuma cha heshima, lakini ndani ya mti wa mbele, pale mkono unaposhika chini ya mtutu, kuna pete za msuguano zinazopaswa kupangwa kulingana na uzito wa katriji, na akizipanga vibaya asiyejua, mti hupasuka na bega hupata habari. Ukiachiwa moja na babu, itunze. Usiinunue kwa kazi yako.

Njia ya pili ni ya inesha, yaani ule ukaidi wa kitu kizito kusogea, na hapo ndipo Benelli ya mume wako inapokaa. Mhandisi Bruno Civolani alibuni mfumo ambao hauchukui gesi yoyote kutoka kwenye mtutu. Bolti imegawanyika: kichwa kinachozunguka na kujifunga, na mwili mzito nyuma yake, katikati kukiwa na springi fupi ngumu. Ukifyatua, bunduki nzima inaruka nyuma begani, lakini ule mwili wa bolti kwa uzito wake unataka kubaki pale ulipokuwa. Springi inabanwa. Ikijifungua, inautupa mwili nyuma, kichwa kinajifungua, ganda linatoka. Ni hilo tu. Vipande ni vichache, masizi hutoka karibu yote mdomoni mwa mtutu, na unaweza kupiga katriji nyingi sana kabla ya kufikiria kuisafisha. Kwa mtu anayelala kambini wiki nzima penye vumbi na matope, sijui mashine bora kuliko hii. Franchi Affinity na Stoeger M3000 zinatumia mfumo wa namna hiyohiyo, na zote hizo, pamoja na Beretta wenyewe, ziko chini ya kundi moja la kampuni.

Lakini soma tena nilivyoeleza: mashine hii inategemea bunduki iruke nyuma. Katriji ya gramu 24 hairushi sana, hasa bunduki ikiwa mpya na springi bado ngumu. Ndiyo maana utaambiwa uanze na katriji nzito kidogo ili vyuma vizoeane. Ukiongeza uzito juu yake, kama kishikio cha katriji za akiba au darubini, kuruka kwake kunazidi kupungua. Ukiegemeza kitako kwenye kitu kigumu, hairuki kabisa na ganda linabaki ndani. Tena kuna ule mlio ambao wenye Benelli za zamani wanaujua: unatembea na bunduki iliyopakiwa, unaigonga chini au unaivuta bolti kidogo bila kujua, kichwa kinazunguka nusu na hakirudi kujifunga. Kanga anaruka, unafyatua, unasikia "klik". Benelli walilishughulikia jambo hilo kwenye Super Black Eagle 3 ya 2017. Kwenye ya zamani, dawa ni kuizoea: kila ukihisi imegongwa, sukuma kwa kidole kile kishikio cha bolti mbele.

Na bega lako je? Bunduki ya inesha haina kinachopunguza teke isipokuwa raba ya kitako na ufundi wa kitako chenyewe. Benelli M2 ina uzito wa kilo 3.2 hivi. Ni raha kuibeba tangu alfajiri, ila si raha kuipiga mara mia Jumamosi mchana ukiwa na kilo 58.

Njia ya tatu ni gesi. Mtutu una vitundu vidogo, na marisaa yakishavipita, sehemu ya gesi huingia na kusukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti. Nguvu ya teke haipotei, ila inagawanywa kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo bega linasukumwa badala ya kupigwa. Mtu mwepesi anaitambua tofauti hiyo kwenye raundi ya kwanza, na kwenye raundi ya nne ndiyo inayoamua kama bado unafumba jicho kabla ya kufyatua. Zile za kisasa zina vali inayotoa gesi ya ziada nje, hivyo bunduki moja inakula gramu 24 asubuhi na gramu 36 jioni bila wewe kubadilisha chochote. Bei yake ni uchafu. Pistoni na silinda yake hujaa masizi, na asiyesafisha atakwama. Kwa mpigaji wa wikendi anayerudi nyumbani jioni kwenye meza, taa na kitambaa, hiyo si bei kubwa.

Kwa hiyo mizani yako inalalia gesi: katriji nyepesi, nyingi, bega jepesi. Mume wako akipima kwa siku zake za nyikani, mizani yake inaweza kulalia kwingine, na nyote wawili mkawa sawa.

Ile Remington 1100 ya rafiki yenu siidharau hata kidogo. Ilitoka 1963, na miongoni mwa bunduki zenye teke laini zilizowahi kutengenezwa, iko mstari wa mbele. Ina kilo 3.6 hivi na uzito huo unakusaidia. Ila ichunguze mambo mawili kwa makini. Kwanza, 1100 ya kawaida ina chumba cha milimita 70, na kipimo kimeandikwa ubavuni mwa mtutu. Katriji ya milimita 76 inaweza kuingia humo bila kulalamika, kwa sababu urefu huo ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Ikipigwa, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda mahali pasipofaa. Kuingia kwa katriji si ushahidi kwamba inafaa. Pili, kuna pete ndogo ya mpira juu ya bomba la magazini, lile linalobeba katriji zinazosubiri, karibu na pistoni. Ikipasuka au kukauka, bunduki inaanza kukwama kwa namna ya kuudhi na watu wanaita fundi bure. Ni kitu cha bei ndogo sana, lakini uwe nacho mfukoni. Kampuni ya Remington ya zamani ilifilisika 2018 na tena 2020 ikauzwa vipande vipande, na hapa kwetu vipuri vyake havipatikani kirahisi. Fungua pia mti wa mbele uutazame kwa ndani na kwenye ncha zake: huko ndiko nyufa zake huanzia.

Kuhusu vipuri, nikae hapo kidogo. Nairobi si mji wa kuagiza kipande cha bunduki kwa simu kikaja na bodaboda kesho yake. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kipande cha silaha kuwa silaha, kwa hiyo mtutu wa akiba au bolti ni jambo la vibali na subira. Bunduki yenye sifa kubwa Ulaya lakini isiyo na mtu wa kuihudumia hapa haiaminiki kwako, hata ingekuwa imetengenezwa na malaika. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali haya bila haya: kichomozi cha ganda kikivunjika, unacho dukani? Springi ya bolti unayo? Choki za ziada (vile vibomba vya mdomo wa mtutu vya kubana marisaa) za uzi huu unazo? Akikuambia "hizi hazivunjiki", toka.

Na hapo ndipo ninapoziweka za Kituruki. Zamani ilikuwa rahisi kuzibeza zote kwa pamoja, na wapo wanaoendelea. Siku hizi ni kosa. Mji wa Huğlu, mkoani Konya, umekaa na kazi hii kwa vizazi, na CZ wa Ucheki wameuza kwa jina lao shotigani zilizotengenezwa huko. Stoeger ninazozitaja hapa zinatoka Uturuki pia. Tatizo lake ni kwamba viwanda ni vingi, bunduki ileile huuzwa kwa majina matatu tofauti, na mwaka mmoja ikitoka nzuri, mwaka unaofuata muagizaji anabadilisha kiwanda bila kubadilisha jina. Ukinunua ya Kituruki, nunua ile ambayo muuzaji ameiuza kwa miaka na anaifungua mbele yako akijua kila kipande. Kama unachokiokoa kwenye bei kitakuwezesha kununua katriji za mwaka mzima na kulipia kocha, huo ni uamuzi wa maana kabisa. Kama unaokoa ili ujisifu kwamba umeokoa, ongeza pesa.

Chumba cha milimita 89, ambacho utasikia kikisifiwa kwa kuwa "kinakula kila kitu", kimeundwa kwa wawindaji wa mabata bukini wa nchi za baridi. Bunduki ya namna hiyo ina kazi kubwa zaidi ya kujiendesha kwa gramu 24. Huihitaji. Wala usihamie geji 20, yenye mtutu mwembamba zaidi, ukidhani teke litapungua: geji 20 yenye gramu 24 mara nyingi ni bunduki nyepesi zaidi, na bunduki nyepesi ikirusha mzigo uleule inapiga zaidi. Na mkiwa na geji 12 nyumba moja na geji 20, hatari inaingia. Katriji ya geji 20 ikiangukia kwenye mtutu wa geji 12 hupita chumba na kukwama mbele, huku ukiona chumba ni kitupu. Mtu anapakia ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka kwenye mkono wa kushoto. Watengenezaji hupaka maganda ya geji 20 rangi ya manjano kwa sababu hiyo. Kaeni na geji moja nyumbani.

Sasa kitako, na naomba usiliruke hili kwa kuwa maumivu ya bega lako pengine yanatokea hapa zaidi ya mahali pengine popote. Pampu ya mume wako imepimwa kwa mkono wa mwanamume mrefu. Kitako kikizidi urefu, unakishika kwa ncha ya bega badala ya mfuko wa bega, unanyoosha shingo kulitafuta jicho, na teke linaishia kwenye mfupa na shavuni. Kitako ni kama kiatu: cha mtu mwingine utakivaa, ila utachechemea. Bunduki nyingi za nusu otomatiki zinakuja na vibao vyembamba vya kuweka kati ya kitako na mwili wa bunduki, ili kukishusha, kukipandisha au kukipeleka kando. Watu huviacha kwenye sanduku. Wewe mwambie fundi avitoe.

Kipimo cha dukani ni hiki. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chumba na magazini ni vitupu, mwache muuzaji naye ahakikishe, kisha elekeza upande salama. Fumba macho, ipandishe bunduki begani na shavuni kama unavyopiga, fumbua. Jicho linapaswa kuwa katikati, likitazama juu ya mtutu hadi kwenye shanga ya mbele, bila wewe kuhamisha kichwa. Ukiona nyuma ya bunduki imeziba shanga, kitako kiko chini mno. Ukiona mtutu wote kama barabara inayopanda, kiko juu mno, ingawa kwa trapu kuona kidogo ya juu si kosa kwa sababu sahani inapanda. Pima pia jicho lako kuu. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo kuu. Likiwa la kushoto nawe unapiga kwa bega la kulia, mwambie kocha kabla hujanunua chochote, kwa kuwa huenda ukahitaji bunduki ya mkono wa kushoto inayotupa maganda upande wa pili.

Choki sitaikalia sana. Bunduki nyingi za sasa zina choki za kuzungusha, na za Kiitaliano zimewekwa nyota: moja ndiyo inayobana zaidi, na kadiri nyota zinavyoongezeka ndivyo mdomo unavyofunguka. Kwa skiti, pale sahani zinapokatiza mbele yako, tumia iliyo wazi, kwa trapu nyota mbili au moja, kwa kwale nyota nne, kwa kanga aliyekwisha kuruka mbali nyota tatu. Nyuzi za choki hutofautiana hata ndani ya kampuni moja, kwa hiyo usichukue ya rafiki ukaisokota kwa nguvu. Kisha piga karatasi kubwa, uione bunduki yako inatupa marisaa wapi. Wengi hawajawahi kufanya hivyo na wanailaumu katriji.

Ukiwa umechagua, omba kuijaribu uwanjani kabla ya kumaliza malipo. Kirigiti kule Kiambu hakuko mbali nawe, lakini si kila uwanja una mashine ya sahani au unaruhusu shotigani, basi piga simu kwanza. Beba katriji zilezile utakazozitumia, za gramu 24, si zile nzito ambazo muuzaji atakuletea kwa ukarimu wa ghafla. Chache nzito ziwe za kuanzia tu ili vyuma vilainike, kisha hamia kwenye zako. Pakia mbili mbili, si moja moja, kwa maana kukwama kwingi hutokea wakati katriji ya pili inapopandishwa kutoka kwenye magazini. Tazama maganda yanaangukia wapi: yakitua mahali pamoja, hatua kadhaa kando yako, mashine inafanya kazi kwa nguvu ya kutosha, yakidondoka miguuni, inahema. Bolti ibaki wazi baada ya katriji ya mwisho, kila mara. Ikikwama mara moja katika katriji za kwanza ishirini, nisingeogopa. Ikikwama kwa njia ileile mara tatu baada ya hapo, irudishe, na usikubali maneno ya "itazoea".

Neno kuhusu adabu ya mstari wa kupigia. Bunduki inayokunjika katikati kila mtu anaiona iko wazi. Yako haikunjiki. Itembeze bolti ikiwa nyuma, mlango ukiwa juu, mtutu salama, na uweke kile kibendera cha rangi chumbani kama uwanja wenu unavitumia. Maganda yako yatamrukia aliye kulia kwako kwenye trapu. Kuna kishika ganda kidogo cha kubandika mlangoni, kinunue ili majirani wakupende.

Juu ya kuwinda, ninaona unapanga safari na hukusema ni wapi. Hapa Kenya kuwinda kwa starehe kulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi. Usidanganywe na mtu wa shambani Laikipia au Kajiado anayekuambia kwale ni wengi na hakuna anayeona. Tanzania inaruhusu kwa leseni, chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na msimu kwa kawaida hufunguka Julai. Cheti chako cha Kenya hakina nguvu ng'ambo ya Namanga. Kuvusha silaha kunahitaji vibali vya pande zote mbili, na ni bora uanze miezi mapema kupitia kwa kampuni ya uwindaji itakayokupokea. Kwa safari ya kwanza mimi ningekodi bunduki hukohuko. Utakosa kidogo raha ya kupiga na yako, lakini utavuka mpaka ukiwa na begi la nguo tu.

Vumbi la kiangazi nalo lina rafiki wake, mafuta mengi. Watu huloweka bunduki mafuta wakidhani wanailinda, na kila tone linakuwa gundi ya vumbi. Kwenye reli za bolti paka utando mwembamba. Pistoni ya gesi isugue masizi, ifute, irudishe karibu kavu. Choki itoe kila baada ya kupiga, safisha nyuzi zake, paka grisi kidogo, la sivyo miezi sita baadaye utaitafutia spana na maombi. Mtutu ukisafisha, kumbuka kuna plastiki ya katriji inayobaki mbele ya chumba, na haitoki kwa kitambaa peke yake. Halafu kuna springi inayorudisha bolti mbele. Kwenye Benelli nyingi imefichwa ndani ya kitako, ambako hakuna anayetazama, na baridi ya Julai ya Kiambu huifikia polepole kwa kutu. Franchi Affinity wameizungusha kwenye bomba la magazini, mahali unapoiona kila ukifungua. Iliyofichwa, mpelekee fundi aitoe mara moja kwa mwaka. Bunduki nyingi za zamani zinazosemwa "zimechoka" zina hiyo springi iliyooza tu.

Ukiwa na sefu, hewa ya ndani iwe kavu, na bunduki isikae ndani ya kile kifuko cha safari chenye sponji. Sponji hushika unyevu na kuupeleka kwenye chuma usiku kucha.

Limebaki swali la mume wako. Chini ya sheria yetu cheti ni cha mtu na kinaitaja silaha yenyewe pamoja na kiasi cha risasi, si cha nyumba. Kuwa na cheti cha pampu yake hakumpi haki juu ya yako, na funguo za sefu yako zisiwe kwenye shada la funguo zake. Kama mnataka kupeana bunduki uwanjani, nenda mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha uulize utaratibu na upewe jibu kwa maandishi, kabla ya Jumamosi ya kwanza na si baada yake. Na ukienda, kagua namba iliyochongwa kwenye bunduki, herufi kwa herufi, dhidi ya ile itakayoandikwa kwenye cheti chako. Ikipishana hata kwa tarakimu moja, usiichukue bunduki hadi isahihishwe.